Somo la Juma Hili: Jinsi ya Kusoma Herufi Ndogo za Sarafu Zilizochakaa

Katika nyumba nyingi za Mwingi, tangu Migwani hadi Nuu, na kutoka Kyuso hadi Tseikuru, hukosi kuona kopo la bati au kiondo kikuukuu chenye sarafu za zamani. Pengine ni fedha zilizobaki katika mshahara wa askari aliyerudi vitani. Pengine ni bei ya mbuzi aliyeuzwa sokoni zamani za babu. Mwenye kopo alipokuwa hai hakuna aliyeliuliza habari zake. Siku anapofariki, watoto hulifungua, na hapo maswali huanza. Je, fedha hizi zina thamani? Zilitoka wapi? Nani achukue ipi?

Aghalabu watu wa namna mbili hufika upesi katika nyumba kama hiyo. Wa kwanza husema, "Hivi ni vyuma tu, nitavinunua kwa kilo." Wa pili hunong'ona kwamba sarafu moja humo inatafutwa Ulaya kwa mamilioni, ila kwanza apewe fedha kidogo za kumtafuta mnunuzi. Yule wa kwanza huchukua mali kwa bei ya takataka, na wa pili hutafuta kula fedha za wenyewe. Dawa ya wote wawili ni moja, nayo ni mwenye kopo kujua kusoma sarafu zake mwenyewe.

Somo hili lafundisha jambo moja katika elimu hiyo, yaani kuitambua herufi ndogo inayoonyesha kiwanda kilichoipiga sarafu. Herufi hiyo ni ndogo kuliko maandishi mengine yote, na ndiyo sababu mara nyingi hufutika mapema. Lakini msomaji atakayefuata somo hili hadi mwisho ataona kwamba hata herufi iliyofutika yaweza kujulikana, kwa kuwa sarafu ina mashahidi wengine.

KWA NINI SARAFU HUTIWA HERUFI

Sarafu hutengenezwa kwa kubana kipande cha madini kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Muhuri mmoja una picha ya upande wa kwanza, na mwingine picha ya upande wa pili. Ikiwa sarafu za nchi moja zinapigwa katika viwanda viwili au vitatu, picha zote hufanana. Basi ili ijulikane ni kiwanda gani kilichofanya kazi ile, herufi ndogo huchongwa katika muhuri. Sarafu ikitokea na kasoro, mathalan ikiwa nyepesi kupita kiasi, wakubwa huweza kujua mara moja lawama ni ya nani.

Sarafu za zamani zinazookotwa Ukambani hazikupigwa Kenya. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilitoa fedha zake za Mombasa, zenye picha ya jua lililovikwa taji upande mmoja na mizani upande wa pili. Rupia zake zilipigwa Birmingham, Uingereza, katika kiwanda cha Heaton, nazo zina herufi H. Vile vipande vidogo vya shaba viliitwa pesa, na vingine vina herufi CM, maana yake kiwanda cha Calcutta, India. Neno hilo pesa lilitoka India, likapita pwani likafika bara, na leo Wakamba husema mbesa wakiwa na maana ya fedha yoyote.

Baada ya rupia na senti za Himaya za Afrika ya Mashariki na Uganda, Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki iliundwa London mwaka 1919. Mwaka 1920 ikatoa florini, na mwaka 1921 ikaanza shilingi yenye picha ya simba na milima. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na Unguja nayo ikajiunga mwaka 1936. Fedha hizo ziliendelea mpaka kila nchi ilipotoa shilingi yake mwaka 1966. Katika makopo ya Mwingi, sarafu za Bodi hiyo ndizo nyingi kuliko zote, kwa hiyo ndizo tutakazozifuata.

HERUFI ZENYEWE

Yafaa msomaji azikariri alama hizi, maana hazizidi sita.

Sarafu isiyo na herufi yoyote ilipigwa katika kiwanda cha Mfalme, London.

H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham. Kampuni hiyo ilibadili jina mwaka 1889 ikaitwa Mint ya Birmingham, lakini haikuiacha herufi yake ya zamani. Ilifungwa mwaka 2003.

KN ni kiwanda cha King's Norton, nacho pia kilikuwa Birmingham.

I ni kiwanda cha Bombay, India.

SA ni kiwanda cha Pretoria, Afrika ya Kusini.

A huonekana katika fedha chache za mwaka 1920 tu, nayo ni kiwanda cha Ackroyd na Best, kilichokuwa Morley, Uingereza.

Mtu akiziangalia herufi hizi pamoja na miaka yake, ataiona historia ya dunia ndani yake. Herufi I na SA zimejaa katika shilingi za Vita Kuu ya Pili. Wakati huo merikebu zilizotoka Uingereza zilikuwa zikizamishwa baharini, na majeshi ya Afrika ya Mashariki yalihitaji fedha nyingi. Askari wa King's African Rifles, na kati yao Wakamba walikuwa wengi sana, walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na baadaye Burma. Shilingi ya Bodi ilitumika hata Somalia na Eritrea walikopita. Basi kazi ya kupiga sarafu ikapelekwa Bombay na Pretoria. Kwa hiyo mtu akiona herufi I au SA katika shilingi ya babu yake, ajue kwamba ameshika kipande cha habari za vita vile.

HERUFI ZISIZO ZA KIWANDA

Hapa ndipo wengi hukosea. Si kila herufi ndogo katika sarafu ni ya kiwanda. Mafundi waliochora sura za wafalme nao walitia herufi za majina yao, na hizo hukaa shingoni au chini ya shingo ya mfalme. Katika shilingi za Mfalme George wa Tano utaona BM, yaani Bertram Mackennal. Katika zile za Mfalme George wa Sita utaona PM, yaani Percy Metcalfe. Katika nusu shilingi za Malkia Elizabeth wa Pili utaona CT, yaani Cecil Thomas. Herufi hizo zimo katika sarafu za viwanda vyote sawasawa, kwa hiyo hazikuelezi lolote juu ya mahali ilipopigwa.

Hali kadhalika ile riale ya fedha yenye sura ya malkia mnene, ambayo wazee wa pwani waliitumia sana kabla ya rupia. Malkia huyo ni Maria Theresa wa Austria. Chini ya sura yake mna herufi SF. Hizo ni herufi za majina ya maofisa wawili wa kiwanda cha zamani, nazo ziliendelea kunakiliwa katika kila riale iliyofuata. Tena kila riale ya namna hiyo ina mwaka 1780, ijapokuwa ilipigwa miaka mingi baadaye, Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko. Basi asikudanganye mtu kwamba riale yako ina umri wa miaka zaidi ya mia mbili kwa sababu ya tarakimu zile tu.

Na tukitaja herufi, tusiisahau T. Mwaka 1916 Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamezingirwa, na fedha kutoka kwao hazikuweza kufika. Wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Hela tano na hela ishirini za shaba walizozipiga zina herufi T, yaani Tabora. Mihuri yao ilichongwa kwa haraka, kwa hiyo katika hela ishirini hata umbo la herufi L katika neno HELLER halifanani. Nyingine zina ncha iliyochongoka, nyingine ncha iliyojikunja. Maelfu ya wenyeji wa Kenya walikwenda Tanganyika katika vita hivyo wakichukua mizigo, wale walioitwa Kariakoo. Kwa hiyo si ajabu hela moja ya Tabora kuonekana mbali na kwao. Hela za Wajerumani zilizotangulia zina A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Msomaji aiangalie A hiyo asiichanganye na A ya Morley. Nchi iliyoandikwa juu ya sarafu ndiyo itakayomwongoza.

HATUA ZA KUISOMA SARAFU ILIYOCHAKAA

Sasa tushike kazi yenyewe. Usianze kwa kuitafuta herufi, bali iwe ya mwisho.

Hatua ya kwanza ni madini. Shilingi na nusu shilingi za tangu 1921 mpaka 1946 zina fedha, lakini ni robo tu. Robo tatu ni madini mengine. Zikichakaa, sehemu zilizoinuka, kama shavu la mfalme na mgongo wa simba, huonyesha rangi ya manjano au kahawia. Tangu 1948 fedha iliondolewa kabisa, zikapigwa kwa shaba iliyochanganywa na nikeli. Hizi hubaki na rangi ya kijivujivu mahali pote hata zikisagika. Mizani haitakusaidia hapa, kwa sababu shilingi ya namna zote mbili ina uzito wa karibu gramu 7.8.

Hatua ya pili ni maandishi ya kuzunguka. Kabla ya India kupata uhuru mwaka 1947, mfalme wa Uingereza aliitwa pia mfalme mkuu wa India, na maneno ya Kilatini yanayoanza na herufi IND yaliandikwa katika sarafu. Katika shilingi za 1948 hadi 1952 maneno hayo hayamo, na jina George wa Sita limeandikwa kwa neno SEXTUS badala ya tarakimu VI. Basi hata mwaka ukiwa umefutika, ukiona alama ya IND, ujue sarafu ni ya zamani za fedha. Ukikuta SEXTUS, ni ya baadaye.

Hatua ya tatu ni mwaka. Ukiweza kuzisoma tarakimu mbili za mwisho, umekwisha fanya nusu ya kazi, kama tutakavyoona.

Hatua ya nne ndiyo herufi. Haikai mahali pamoja katika sarafu zote. Njia iliyo bora ni kutafuta sarafu nyingine ya namna ile ile ambayo bado ni safi, ujifunze mahali herufi ilipo, kisha utazame mahali pale pale katika ile iliyochakaa. Jicho lililokwisha kujua mahali pa kutazama huona mara mbili.

Mwanga nao ni muhimu. Usiitazame sarafu chini ya jua la adhuhuri, maana mwanga ukitoka juu hufuta vivuli. Ingia chumbani, funga dirisha, uweke taa au tochi chini kando ya sarafu, mwanga uipitie juu juu. Izungushe polepole. Mabaki ya herufi yatatoa kivuli. Ukiwa na kioo cha kukuzia, vema zaidi. Ukiipulizia pumzi, ukungu ule mdogo ukiwa unakauka huweza kuonyesha umbo lisiloonekana kwanza. Waweza pia kuweka karatasi nyembamba juu yake na kusugua taratibu kwa ubavu wa kalamu ya risasi.

Herufi zikichakaa haziondoki zote kwa mara moja. H huacha vijiti viwili vilivyosimama. I huacha kijiti kimoja, na wengi hukidhani ni mkwaruzo. KN na SA huacha alama pana, kwa kuwa ni herufi mbili. Kwa hiyo ikiwa huwezi kusoma, pima upana.

HERUFI ISIYOONEKANA SI HERUFI ISIYOKUWAPO

Maneno hayo ndiyo kiini cha somo letu. Mtu akiona shilingi iliyosagika isiyo na herufi, husema upesi, "Hii ni ya London." Huenda kweli, huenda herufi ilikuwapo ikafutika. Utajuaje? Uulize mwaka, kwa sababu si kila kiwanda kilifanya kazi kila mwaka.

Shilingi za 1923, 1924 na 1925 zilipigwa London tu. Hizo usizitafutie herufi, hazina.

Shilingi za 1921 na 1922 zilipigwa London na kwa Heaton pia. Hapa herufi ina maana, na sarafu iliyochakaa sana haiwezi kuamuliwa.

Shilingi ya 1937 ilipigwa kwa Heaton peke yake. Basi shilingi ya 1937 isiyoonekana herufi ni H iliyofutika, wala hapana shaka.

Shilingi ya 1942 ni H au I, na ya 1944 ni H au SA. Katika miaka hiyo miwili kijiti kimoja, vijiti viwili, au alama pana ndivyo vitakavyokuamulia.

Shilingi za 1945 na 1946 zote ni za Pretoria.

Shilingi ya 1948 ni ya London. Lakini zile za 1949, 1950 na 1952 zina namna tatu: zisizo na herufi, zenye H, na zenye KN.

Nusu shilingi, ambayo wazee waliiita sumni, ni rahisi zaidi. Ile ya 1937 ni H. Ya 1942 ni H. Ya 1943 ni I. Ya 1944 ni SA. Kila mwaka una kiwanda chake. Katika zile za Malkia Elizabeth, ya 1954 haina herufi, na za 1955 na 1956 ni H au KN.

Basi msomaji ameona kwamba mtu mwenye orodha ya miaka mfukoni huweza kumshinda mwenye macho makali asiye na orodha. Na pale ambapo mwaka hauamui, mtu mwaminifu huandika, "Shilingi, 1949, herufi haisomeki," akaishia hapo. Kukisia kisha kuuza kwa makisio hayo ni kumdhulumu mwenzako.

JAMBO LA MWAKA 1936

Kuna sarafu moja inayoleta maneno mengi kuliko zote, nayo ni ndururu na senti kumi za mwaka 1936, zenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda. Mwaka huo Uingereza ilikuwa na wafalme watatu. George wa Tano alifariki mwezi wa Januari. Edward wa Nane akamfuata, akajiuzulu mwezi wa Desemba kabla ya kuvikwa taji. Kisha akaja George wa Sita. Sura ya Edward ni haba sana katika sarafu, lakini senti zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, bali jina lake tu. Kwa hiyo zilipigwa kwa jina la Edward, London, kwa Heaton na King's Norton pia, nazo zikaenea Afrika ya Mashariki.

Kutokana na habari hii wajanja hutangaza kwamba senti ya "mfalme asiyevikwa taji" ni utajiri. Si kweli. Zilipigwa kwa mamilioni, na zilizochakaa bado ni nyingi na bei yake ni ndogo. Mtu akikuambia utoe fedha kwanza ili akuuzie senti hiyo ng'ambo, funga kopo lako umwage kwa heri. Thamani ya sarafu hutokana na mambo matatu, nayo ni uchache wake, usafi wa maandishi yake, na wingi wa wanaoitaka. Uzee peke yake hautoshi. Na kwa upande wa madini, kumbuka kwamba shilingi nzima ya simba haina hata gramu mbili za fedha safi.

Kuna kosa jingine la namna hii. Sarafu za kwanza za Kenya, zilizotoka 1966, zina sura ya Mzee Jomo Kenyatta bila maandishi yoyote ya kuizunguka. Maandishi yaliongezwa mwaka 1969. Wengine wakiiona ile ya kwanza hudhani maandishi yamefutika, na wengine hudhani ni kasoro ya ajabu yenye bei kubwa. Yote mawili si kweli, ndivyo ilivyopigwa.

USISUGUE

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa kwa nia njema. Mtoto hulipokea kopo, akaona sarafu zimekuwa nyeusi, akachukua mchanga au majivu na limau akazisugua mpaka ziking'aa. Kwa dakika tano amefuta kile ambacho miaka themanini haikukifuta. Herufi ya kiwanda imeinuka kwa unene mdogo kuliko unene wa karatasi. Mchanga huiondoa kwa mikwaruzo michache. Asidi ya betri nayo hula madini yenyewe na kuacha uso wenye vishimo. Mnunuzi anayejua kazi yake huitambua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitazama mara moja, na bei hushuka papo hapo.

Ikiwa sarafu ina udongo, itie katika maji safi ikae, kisha uitoe uiweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe. Usiifute kwa nguvu. Ile rangi nyeusi au ya kahawia iache, maana ndiyo ngozi yake. Kila sarafu uitie katika karatasi yake, zisigongane.

Tena ujihadhari na mjanja anayeongeza herufi. Herufi ya kweli ilitoka katika muhuri, kwa hiyo imeinuka juu ya uso wa sarafu. Iliyochongwa kwa sindano au kisu imezama ndani. Pitisha mwanga wa kando, nawe utaona kama kivuli kiko nje ya herufi au ndani yake.

SHERIA NA URITHI

Mwenye rupia ya Kampuni ya 1888 au riale iliyoletwa zamani hizo hana budi kujua jambo la sheria. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006, kitu kilichofanywa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali cha Serikali. Mtu akikuomba umtumie kitu kama hicho ng'ambo kwa siri, anakutia hatarini. Ulizeni kwanza Makumbusho ya Taifa.

Mwisho, tukumbuke kwamba kopo hili ni urithi. Kabla ya kugawana, wana wa nyumba wakae pamoja, kila sarafu isomwe, iandikwe katika daftari: thamani yake, mwaka, mfalme, herufi, na hali yake. Kisha aulizwe mzee yeyote aliyebaki: fedha hii ilipatikana wapi? Jibu lake liandikwe kando. Sarafu ya SA ya 1944 sokoni ni kitu kidogo. Lakini ikiandikwa kwamba alirudi nayo baba kutoka jeshini, hakuna mnunuzi awezaye kuifikia bei yake, na aliyetaka kuyanunua yote kwa kilo atarudi mikono mitupu.

MAZOEZI

Msomaji ajibu maswali haya kabla ya kutazama majibu.

1. Shilingi ya 1945, herufi haionekani. Ilipigwa wapi?
2. Nusu shilingi ya 1924, haina herufi. Je, ilifutika?
3. Shilingi ya mfalme, mwaka umefutika, rangi ni kijivu mahali pote, neno SEXTUS lasomeka, herufi haionekani. Utaandika nini?
4. Chini ya shingo ya mfalme mna herufi PM. Ni kiwanda gani?
5. Nusu shilingi ya 1955 ina vijiti viwili vilivyosimama na hakuna alama nyingine kando yake. Yaelekea ni ya kiwanda kipi?

Majibu. La kwanza: Pretoria, kwa kuwa shilingi za mwaka huo zote ni SA. La pili: haikufutika, nusu shilingi za mwaka huo ni za London. La tatu: "Shilingi ya George wa Sita, kati ya 1948 na 1952, kiwanda hakijulikani." La nne: si kiwanda, ni Percy Metcalfe, mchoraji wa sura. La tano: Heaton, Birmingham, kwa maana KN ingeacha alama iliyo pana zaidi.

Aliyepata yote matano yuko tayari kulifungua kopo la nyumbani kwao. Na afanye hivyo jioni, taa ikiwa kando, wazee wakiwapo.